Jeep Nyeupe ya Ibambiro

Cédric alikuja kwetu Bagira na minibasi yake imeoshwa mpaka matairi, akaiegesha kando ya jeep yetu makusudi ili tuone tofauti. Mtu huyu anauza bia Kadutu, na anajua kuuza hata kabla hajafungua mdomo. Minibasi ilikuwa ya buluu, viti vyote vizima, redio inaimba. Jeep yetu ilikuwa nyeupe kwa jina tu. Ilikuwa imeinuliwa juu ya matairi kama mtu aliyekunja suruali avuke mto, na bomba lake la kupumulia limepanda ubavuni hadi juu ya paa.

"Papa Josué, miye sitaki maneno mingi," Cédric alimwambia mume wangu. "Unanipa yako, nakupa yangu. Miye niko na bia ya kupandisha mu milima, weye uko na batoto ya kusomesha. Hii ya kwangu itafanya ligne ya Bagira na ville, kubeba batu kila siku. Ile yako inafanya nini? Inalala."

Mimi nilikuwa barazani kwenye cherehani yangu. Nikaondoa mguu kwenye pedali.

"Hatuuze," nilisema.

"Maman Eulalie, haiko kuuza. Iko kubadirisha tu."

"Hatubadirishe."

Josué alitazama chini. Alikuwa ameshaipenda ile minibasi, niliona namna alivyoipapasa mlango alipodhani simwoni. Alimsindikiza Cédric hadi barabarani wakisemezana kwa sauti ndogo, na aliporudi alianza kufungua boneti ya jeep bila sababu, kama anavyofanya kila anapotaka kugombana na hajui aanzie wapi.

Sababu yangu ilikuwa moja, na kila mtu nyumbani aliijua. Mama yangu, Domitille, aliishi Ibambiro, juu kabisa ya milima iliyo nyuma ya Nyangezi. Huko barabara inapanda ikawa njia, njia ikawa mfereji, na masika yakianza mfereji unakuwa uji. Pikipiki hupita, lakini mwanamke mzee anayeumwa humlazi juu ya pikipiki. Jeep ile ndiyo gari pekee nililoliona likifika kwenye mlango wa mama mvua inanyesha. Nilikuwa nimejiapia kwamba siku atakayoanguka, kabla ya saa sita ya mchana atakuwa kitandani hospitalini mjini. Mama hakutaka kuhamia kwetu. Alisema nyumba za Bagira zimesimama kama watu wanaosukumana, na tena nani angekamua ng'ombe wake. Basi kama yeye haji kwa gari, gari lingoje siku yake.

Jeep tuliipata kwa shirika moja lililokuwa likigawa mbegu. Josué aliliendeshea shirika hilo tangu ujana wake. Lilipofunga ofisi, wakubwa wakaondoka kwa ndege na yeye wakamwachia jeep mahali pa malipo yake ya mwisho. Ilikuwa imechoka. Ni yeye aliyeifufua. Aliiwekea springi za lori ili ipande juu ya mawe, akaifungia matairi makubwa, akachomelea lile bomba ili injini isinywe maji ya mito, na mbele akaweka winchi aliyoifungua kwenye lori lililokufa, ya kujivutia ikizama. Nyuma aling'oa viti akatengeneza kitanda cha chuma, urefu wa mtu. Watu walikuja kuishangaa. Ibambiro waliiita Mbuzi, kwa sababu ilipanda pasipopandika.

Wa kwanza kulala juu ya kitanda kile alikuwa baba yangu. Alishuka nayo akiwa anatupungia mkono, maana alikuwa mtu wa mzaha hata akiumwa. Alirudi nayo ndani ya sanduku. Ugonjwa ulikuwa umeshamla ndani, wala hakuna gari duniani ambalo lingemwokoa.

Baada yake walishuka wengine. Wanawake wa uzazi, mtoto aliyeungua kwa maji ya moto, mzee wa kanisa aliyekatwa na jembe lake mwenyewe. Wengi wao walipona, na nasema wengi kwa sababu nilikuwa nawapelekea chakula wodini na niliwaona. Ila mgonjwa akipona, asubuhi moja anaambiwa aende kwao, na mchana ameshapata pikipiki ya kumpandisha na mfuko wake wa dawa. Nani angekaa kungoja jeep? Josué alipanda Ibambiro akiitwa tu, na aliitwa kwa mambo mawili: mgonjwa ashuke, au marehemu arudishwe kwao akazikwe. Kaka yangu Akonkwa hakuwahi kusikia kilio mahali bila kukumbuka kwamba shemeji yake ana gari. Hata mtu aliyefia mjini kwa ugonjwa wake, ambaye jeep haikumjua akiwa hai, ilibidi jeep impeleke. Utakataaje? Unakataa maiti, kesho unaenda kanisani na uso gani?

Hivyo kule juu watu waliiona jeep nyeupe ikishuka na mtu anayeugua, na waliiona ikipanda na jeneza. Waliopona waliwaona wakirudi kwa pikipiki, wanacheka. Sifa zote zikaenda kwa pikipiki. Jina la Mbuzi likasahaulika, na watoto wakaanza kufanya ishara ya msalaba jeep inapopita. Nilipowaona mara ya kwanza nilitaka kushuka niwachape. Fadhila ya punda ni mateke, nimelisikia neno hilo tangu utoto, lakini sikujua mateke yenyewe yanauma namna gani.

Jioni ya siku aliyokuja Cédric, Josué aliweka kijiko chini akasema aliyokuwa nayo.

"Eulalie, miye nimechoka. Ile gari inanikula. Kila barrière ba askari banaitazama, siku moja batasema teremuka tu. Na batu ya kwenu, asante haiko. Tuipeane."

"Maman akikuwa mugonjwa utamubeba na nini? Na minibasi ya Cédric?"

"Na akikaa bila kugonjwa miaka yote?"

"Basi tutamushukuru Mungu, na jeep itaoza pale iko."

Alikula kidogo. Yeye si mtu wa kelele, kelele za nyumba ile ni zangu.

"Hata rangi basi," alisema mwishowe. "Tuipake rangi ingine. Nyeupe inafanana na gari ya maiti ya morgue."

"Rangi haipande mulima," nilimjibu.

Naye mwenyewe aliitikia kwa kichwa, kwa sababu tangu vita viingie mjini, kitu kinachong'aa hupata mwenyewe mwingine njiani. Kutu ilikuwa inatulinda. Tukapatana hivi: jeep inabaki mpaka masika yaishe, au mpaka mama atakapohitaji kushuka. Siku atakayofika hospitalini salama, Josué anampelekea Cédric funguo. Wiki ile nilichukua mabaki ya kitambaa cha buluu nilichoshonea sare za kwaya, nikayajaza vipande vya godoro, nikayashona kuzunguka pembe zote za kitanda cha chuma. Sikutaka mama agonge mkono wake mle ndani.

Simu ya Akonkwa iliingia alfajiri, mvua inanyesha. Mama alikuwa anaumwa tumbo, alisema. Lilikuwa limevimba na kukaza, na tangu jana alikuwa anatapika kila kitu, hata maji. Muuguzi wa kijiji alikuwa ameliminya tumbo mara moja tu akasema huyu ni wa kupasuliwa, na ni leo.

Nilikuwa na furaha mbaya. Nitasema ilivyokuwa: niliogopa kwa ajili ya mama, lakini pembeni ya woga nilifurahi kwamba siku imefika na jeep ipo, kwamba nilikuwa na haki mbele ya Josué na Cédric na wote. Tulipita vizuizi vya askari bila maneno. Kwenye mlima wa mwisho jeep ilizama mpaka kwenye milango yake. Josué alifunga waya wa winchi kwenye mti, na gari likajivuta lenyewe kutoka kwenye matope taratibu, likilia. Asubuhi ilikuwa bado changa tulipofika. Nilimpiga Josué begani nikamwambia, "Unaona?"

Mama alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na moto, miguu ameikunja. Uso wake ulikuwa umepungua. Wanawake wa jirani walijaa ndani, na Josué alibaki uani kwenye mvua, kwa sababu kwetu mkwe haingii alipolala mama mkwe wake, sembuse kumshika.

"Mama, jeep iko mu mulango," nilisema.

"Nimeisikia. Iende."

"Iende wapi?"

"Kule ilitoka. Miye siipande."

Nilidhani ni homa. Nilimshika paji la uso, lilikuwa la baridi. Alikuwa na akili zake zote.

"Baba yako aliipanda na miguu yake," alisema. "Akanipungia mukono. Akarudia mu sanduku. Mwana wa mwalimu aliipanda, akarudia mu sanduku. Nani aliipanda akarudia anatembea na miguu?"

"Francine," nilisema haraka. "Alishuka na jeep usiku bakamupasua, akazaa, yeye na mutoto bako bazima. Si huyu hapa, umuulize."

Francine alikuwa amesimama kwenye nguzo, mtoto mwenyewe amembeba mgongoni, mnene, analala.

"Francine alirudia na moto," mama alisema. Moto kwetu ni pikipiki.

"Lakini alishuka na jeep, mama."

"Alirudia na moto."

Nilimgeukia Francine. Nilikuwa nimempelekea huyu uji hospitalini siku zote alizolala pale. "Sema basi," nilimwambia. "Sema ni nani alikufikisha."

Francine alitazama miguu yake. "Ndiyo, njo vile, maman Eulalie," alisema polepole. "Nilirudia na moto."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeona kwamba hilo si jibu. Nilitoka nje nikamkuta Akonkwa amejikinga mvua chini ya paa la jikoni, nikamwambia aingie ambebe mama kwa nguvu amwingize garini.

"Nimubebe na yeye anakataa?" alisema. "Akifia mule mu njia, batu batasema nini? Batasema njo miye nilimutia."

"Na akifia hapa?"

Akonkwa alijisogeza zaidi chini ya paa. Huyu ndiye aliyeijaza jeep ile na maiti za ukoo mzima, wa mbali na wa karibu, na sasa anaogopa kuingiza mtu mmoja aliye hai. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii kaka yake mkubwa. Nilirudi ndani nikapiga magoti, nikambembeleza mama kama mtoto, nikamwonyesha kwa mikono namna nilivyokishonea kitanda kitambaa laini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu alinishika kidole, alichokuwa akikishika nilipokuwa mdogo, akasema bila hasira:

"Nitaipanda mara moja tu, mwanangu. Na ile siku hamutaniuliza kama nataka. Leo bado nina mudomo. Munitafutie kipoyi."

Kipoyi ni machela yetu ya miti na kamba. Ibambiro kila nyumba yenye mwanamume imeandikishwa kwenye kipoyi. Ukiitwa unaacha jembe unakuja, na asiyekuja anatoa dumu la kasiksi, pombe ya ndizi, wenzake wanalinywa mbele yake. Akonkwa alipaza sauti mara moja tu na wanaume wakatokea kila upande na makoti yao ya plastiki. Walimfunga mama vizuri, wakamfunika, wakamwinua mabegani. Siwezi kuwalaumu. Walifanya kazi yao kwa moyo kuliko watu wengi ninaowajua.

Nilitembea kando yake mpaka goti langu likakataa na nikaanguka kwenye matope. Mama aligeuza kichwa.

"Weye panda gari yako," alisema. "Si unaipenda."

Nikapanda. Basi tukashuka namna hiyo: wanaume mbele, wanateleza, wanabadilishana mabega, wanaimba ili hatua zao zilingane, na nyuma yao jeep, gia ya chini kabisa, injini inachemka kwa uvivu. Ndani yake kitanda cha chuma chenye pembe za buluu kilikuwa kitupu, na mimi nilikaa mbele kando ya Josué. Kupitia kioo niliona nyayo za mama zimetoka nje ya blanketi, mvua inazipiga. Nilitoa kichwa nje nikaomba wazifunike, wakazifunika, zikatoka tena. Josué alikuwa amekaza mikono kwenye usukani, machozi yanamtoka, na hakuyafuta. Njia ambayo angeimaliza kabla chai haijapoa tuliikokota hadi jua lilipoinama.

Kwenye barabara kubwa nilimwomba mama tena. Hapa ni karibu, nilimwambia, hapa si Ibambiro, hakuna anayekuona. Alifumba macho akatikisa kichwa. Tukasimamisha teksi. Ilikuwa teksi ambayo mlango wake umefungwa kwa kamba, na dereva wake hatukumjua wala hatukujua amebeba nini jana au juzi. Mama aliingia bila kuuliza.

Hospitalini walimpokea upesi. Daktari alisema utumbo ulikuwa umejisokota, na alipokuja kutuita baada ya kumpasua, sehemu ndefu ilikuwa imeshakufa. Hakuwa mkali. Alisema tu kama angeletwa mchana, labda. Muuguzi aliyekuwa anavua glavu akaniuliza, "Mulikuwa wapi tangu asubuhi, maman?"

Nilikuwa nyuma ya mama. Nilikuwa nyuma yake na gari zima, injini inawaka. Ningemwelezaje?

Mama alifariki kesho yake, watu wanatoka misani. Hakuzungumza tena.

Nilitaka apande kwao kwa kipoyi. Niliwaambia wote: alisema hataki jeep, basi hatapanda jeep, akiwa hai wala akiwa amekufa. Akonkwa alikuwa ameshuka na jamaa, amekaa kwenye benchi ya chumba cha maiti.

"Kupanda haiko kama kushuka," alisema. "Na sanduku, na hii matope? Bale babaume bamechoka, mabega yamevimba. Kipoyi iko ya bagonjwa. Kwa wafu, gari iko."

"Gari iko," nilirudia.

"Si iko?"

Ilikuwepo. Niliipigania mwenyewe mpaka ikawepo. Nikakubali, maana jua lilikuwa linapanda na mvua ilikuwa njiani, na mama hakuwa mtu wa kuachwa angoje kwenye chumba kile. Sanduku likaingia kwenye kitanda cha chuma kana kwamba Josué alilipima. Pembe za kitambaa cha buluu zililishika vizuri, halikugonga mahali popote. Jeep ilipanda milima yote ile bila kuzama hata mara moja.

Walipotuona Ibambiro wanawake walianza kilio. Nilimsikia mmoja katikati ya kilio akisema, "Tulijua." Wengine wakaitikia. Mama alikuwa ameshuka juu ya mabega ya watu, watu wote walimwona, na amerudi ndani ya jeep nyeupe. Kwao hesabu ilikuwa sawa. Gari lile lilikuwa limemfuata nyuma siku nzima, wakasema, likingoja. Nilikuwa nimekosa nguvu hata ya kutukana.

Asubuhi ya kushuka, baada ya mazishi, Josué aliwasha injini akaiacha iungurume uani. Zamani wangekimbilia kupanda, na ndizi zao na makaa na kuku. Siku ile hakuja hata mmoja. Wenye safari walikaa kando ya njia kungoja tupite, watoto wakafanya ishara ya msalaba, na safari hii watu wazima pia. Tulipofika chini nilimwambia Josué, "Mupe Cédric."

"Tungoje kwanza, roho yako itulie," alisema. "Masika haijaisha. Kule kuko bagonjwa bengine."

"Bapande moto."

Cédric aliichukua wiki ileile. Minibasi ni nzuri. Josué anafanya ligne kila siku, anarudi jioni na samaki wakati mwingine, hajawahi tena kulala chini ya gari kwenye matope. Wanetu wanasoma. Mtu akiniuliza kama tulifanya vema kubadilisha, nasema ndiyo, na ni kweli, na kila ninaposema hivyo nasikia kitu kichungu nyuma ya ulimi.

Kiangazi kilipoanza Akonkwa alikuja kututembelea na kikapu cha ndizi. Tulikuwa hatujaonana tangu matanga. Nilimkaribisha kama inavyotakiwa, nikampikia ugali na sombe ya majani ya muhogo, nikaapa moyoni kwamba sitasema la zamani. Alikula vizuri. Alikuwa na furaha isiyo ya kawaida, nguo zake hazina vumbi, na Josué akamwuliza kwa adabu safari ilikuwaje, shemeji.

"Ah, beau-frère, siku hizi hatusumbuke tena," Akonkwa alisema. "Kuko commerçant moja wa Kadutu, anatupandishia bia na jeep. Nyekundu, inang'aa vile. Ile njo gari. Barrière yote anaacha casier moja ya bia, anapita. Akimaliza kushusha bia, batu banajaa mule, analeta bote."

Mkono wa Josué ulisimama juu ya sahani.

"Inapanda vizuri?" aliuliza.

"Kama mbuzi. Iko na bomba moja hapa pembeni, inafika mpaka juu. Hata mu mvua ile ya mwisho haikukwama. Hata bagonjwa banashuka nayo. Mutoto wa Francine alishikwa na malaria ya mbaya, mu masaa kidogo alikuwa hospitali, akapona." Akonkwa alichovya tonge, akacheka peke yake. "Miye nilikaa nyuma, kuko kama kitanda ya chuma, njo banapangiaka ma casier. Pembeni balifunga kitambaa ya bleu, laini, ili chupa zisivunjike. Nilikuwa niko nasinzia mpaka Nyangezi."

Nilimtazama mikono. Aliketi pale. Aliegemea pale, akasinzia, kaka yangu, mahali nilipomshonea mama.

"Unajua nilifikiri nini mu njia?" alisema, na sauti yake ikawa ya upole kweli, hakuwa ananichokoza. "Nilisema, maman yetu angeona gari kama hii, angepanda. Kama mungekuwa na hii, mahali pa ile yenu, leo tuko naye."

Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia pale mezani kwangu kuliko nilivyomchukia siku ya kipoyi. Watu wote wanajua ulimi wangu, na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno: ni ileile, mjinga wewe, wamepaka rangi tu. Nilifungua mdomo. Nikamwona Josué upande wa pili wa meza ananitazama. Hakutikisa kichwa, hakufanya chochote, alinitazama tu, na nikajua anawaza kile ninachowaza. Nikisema, Akonkwa atalipeleka neno Ibambiro kabla ya Jumapili. Wataifanyia ishara ya msalaba ikiwa nyekundu kama walivyoifanyia ikiwa nyeupe, na mtoto wa Francine akishikwa tena na malaria atangoja kipoyi.

Nikafunga mdomo. Niliinuka kuchukua sufuria.

"Njo vile," nilimwambia kaka yangu. "Iko gari ya muzuri."

Nikamwongezea sombe.